Kwa mnaoanza kazi ya chembe za nano: someni makohozi kwanza

Wadogo zangu, wengi wenu mnaingia maabara hapa Nairobi mkiwa na hamu moja tu, ya kutengeneza chembe za nano, yaani chembe ndogo mno za kubeba dawa hadi ndani ya mwili. Nawaelewa. Miezi yangu minne ya kwanza nilishinda nikichanganya polima na kuzipima, nikifurahi kila zilipotoka na ukubwa mmoja. Ndani ya maji zilitembea vizuri sana. Siku nilipozitia kwenye ute wa nguruwe tuliouchukua kichinjioni, zilinasa zote palepale, hakuna hata moja iliyosogea. Ilinibidi nianze upya. Kwa hiyo anayetaka kutibu sistiki fibrosisi kwa njia hii aufahamu ute wa mapafu ya wagonjwa kabla hajagusa chupa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Mtoto hupokea jeni mbovu ya CFTR kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1989, na kazi yake ni kuelekeza utengenezaji wa protini iliyo kama mlango wa kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi, kwenye ukuta wa seli. Mlango ukikosekana au ukikataa kufunguka, chumvi na maji haviendi panapostahili. Ute wa mapafu unakuwa mzito, bakteria kama Pseudomonas wanajenga makao humo, na kila maambukizi yanaacha makovu. Kongosho nalo huziba, chakula hakisagiki vizuri tumboni, ndiyo maana mtoto anakula vizuri lakini hanenepi.

Sasa yatazameni makohozi hayo kama wavu wa mvuvi. Nyuzi zake ni musini, yaani protini inayoupa ute unato wake, pamoja na DNA iliyomwagika kutoka kwa seli nyeupe za damu zilizokufa. Mwaka 2009 watafiti wa Johns Hopkins walipima makohozi ya wagonjwa, wakakuta jicho la wavu huo lina wastani wa nanometa 140 hivi (nanometa ni milimita moja igawanywe mara milioni), mengine madogo zaidi na mengine makubwa kufikia 300. Chembe za nanometa 200 zilizovikwa kwa wingi PEG, polima inayozuia kunata, zilipenya. Zile za 500 zilikwama hata baada ya kuvikwa. Zisizovikwa zilinata bila kujali udogo wao. Hapo kuna mambo mawili ambayo mwanafunzi mpya huyachanganya, ukubwa wa chembe na kunata kwake: udogo peke yake hautoshi, maana wavu huu una gundi. Andikeni hilo ukurasa wa kwanza wa daftari lenu.

Jambo jingine ni nebulaiza, kile kifaa kinachogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta kwa pumzi. Tunapima chembe zikiwa zimetulia kwenye chupa, kisha tunaandika ripoti. Lakini mgonjwa atazivuta kama mvuke, na kile kifaa huzisukasuka kwa nguvu nyingi. Chembe za lipidi (mafuta) zinazobeba mRNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini, zinaweza kupasuka au kugandamana humo. Pimeni kabla ya mvuke na baada ya mvuke, kila mara, hata msimamizi asipowauliza. Na umeme ukikatika usiku, asubuhi angalieni rekodi ya friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri kabla ya kutumia sampuli yoyote.

Someni pia majaribio yaliyotoa matokeo madogo. Uingereza waliwapa wagonjwa jeni ndani ya mafuta, kwa nebulaiza, kila mwezi kwa mwaka mzima. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: tofauti ya asilimia 3.7 katika nguvu ya mapafu ikilinganishwa na waliopewa plasebo, yaani dawa tupu ya kulinganishia, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na mapafu kutozorota zaidi. Ni kidogo, lakini kwangu ni jaribio la kuheshimiwa sana, kwa sababu lilionyesha kwamba jeni iliyovutwa kwa pumzi inaweza kumfaidi mtu. Miaka iliyofuata mRNA ya kuvuta ilijaribiwa kwa wagonjwa, na mwaka 2021 mojawapo ya majaribio hayo lilionyesha kwamba haikuboresha upumuaji. Ukiyasoma haya mapema, hutavunjika moyo jaribio lako la kwanza likianguka.

Mtaulizwa, na pengine na wazazi wenu wenyewe: kwa nini kuhangaika na nano wakati dawa zipo? Ni kweli zipo. Ile ya mchanganyiko wa dawa tatu iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 na imebadilisha maisha ya wengi. Bei yake iliyotangazwa kule ilizidi dola 300,000 kwa mwaka. Isitoshe, dawa hizo hurekebisha protini iliyokwishatengenezwa. Mabadiliko ya jeni yanayojitokeza sana kwa watu wa asili ya Afrika, yanayoitwa 3120+1G>A, huharibu maagizo kabla protini haijaundwa, kwa hiyo dawa haina cha kushika. mRNA inayofikishwa ndani ya seli hupeleka maagizo mapya mazima, bila kujali kosa la zamani lilikuwa lipi. Hapo ndipo ninapoona kazi yetu ina uzito kwa watoto wa huku, na ndiyo sababu sijaiacha.

Lakini mtoto huyo kwanza ajulikane. Kikohozi kisichoisha na kukonda, hapa kwetu, moja kwa moja watu hufikiria kifua kikuu au utapiamlo, na mara nyingi huwa kweli. Kipimo cha jasho ndicho hufumbua: kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, swali la sistiki fibrosisi halikwepeki tena. Ombeni ruhusa mkae asubuhi moja kwenye kliniki ya kifua ya watoto, nyuma ya daktari, kabla ya kuanza kuchanganya lipidi. Sikilizeni akina mama wanavyoeleza. Mama akisema kwamba akimbusu mwanawe kwenye paji la uso anahisi chumvi, muulizeni daktari kama jasho limepimwa.