Shamba la kahawa Unguja? Msipoteze siku kulitafuta

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tunakwenda Unguja kupumzika mwezi wa nane. Kahawa ndiyo starehe yetu, kwa hiyo tunataka kutembelea shamba la kahawa ya Zanzibar na kununua palepale kwa mkulima. Tuelekeze shamba zuri na mahali pa kunywa. Halafu kuna video inasambaa inayosema kahawa halisi ukiimwaga kwenye maji baridi huelea, ya kuchakachua huzama. Tuitumie hiyo kuepuka kuibiwa? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Marahaba. Likizo zikikaribia lazima niulizwe hili, na wanaouliza si wageni wa kahawa, ni watu kama ninyi wanaosaga wenyewe nyumbani. Ndiyo maana linanikera.

Shamba mnalolitafuta halipo. Arabika, moja ya aina mbili kuu za kahawa, inataka ubaridi wa mwinuko, na kwetu hulimwa kuanzia kama meta 1,000 hadi karibu 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko juu tunda huiva taratibu, na ndipo harufu na ule uchachu mtamu hupata muda wa kujijenga. Unguja nzima haina kilima kinachofika meta 200. Robusta, aina ya pili, huvumilia joto na huota hata uani kwa mtu, lakini kuota si kuzalisha. Kahawa inayouzwa Unguja imevuka maji: robusta ya Kagera, arabika ya Kilimanjaro, Mbeya, Songwe au Ruvuma. Hakuna aibu katika hilo. Ile nyumba ya kahawa ya Mkunazini, Mji Mkongwe, ilijipatia jina kwa kahawa ya Utengule, Mbeya, na ilisema hivyo waziwazi.

Wasiosema ndio shida. Mtakwenda ziara ya viungo upande wa Kizimbani au Kidichi (nendeni, ni ziara nzuri) na huenda mtaonyeshwa mbuni (mti wa kahawa) mmoja au miwili katikati ya mdalasini na mlangilangi. Mtapiga picha. Kisha mtafikishwa kwenye kibanda chenye mifuko mizuri ya ukili iliyoandikwa kuwa ni kahawa ya Zanzibar. Hapo pigeni hesabu. Mbuni uliotunzwa vizuri hutoa takriban nusu kilo ya kahawa iliyokaangwa kwa mwaka, ukibahatika inakaribia kilo. Mifuko yote ile imetoka mti gani? Wapo wanaoongeza kwamba ya hapo inarudisha nguvu za kiume. Kafeini itawatoa usingizi, basi. Hayo mengine ni ya kuuzia.

Kuhusu maji baridi, hiyo video nimeshatumiwa hadi na jamaa zangu. Unga wa kahawa iliyokaangwa huelea kwa muda kwa sababu una mafuta na gesi iliyobaki tangu kukaangwa. Vitu kama mizizi iliyosagwa ya chikori, mmea unaotumika kuchakachulia kahawa, hunywa maji haraka na kuzama. Kwa hiyo, likienda vizuri kabisa, jaribio hilo linakuonyesha kwamba hukuchanganyiwa kitu kizito. Halijui kahawa imetoka Karagwe au Vietnam, halijui kama buni (punje mbichi za kahawa) ilivunda guniani kabla ya kukaangwa, wala halitofautishi robusta ya bei chini na arabika ya bei juu. Zote zinaelea. Anayeuza kahawa mbovu atafurahi sana mkipima kwa maji, maana kahawa yake itafaulu.

Kinachowaumiza wanunuzi wa kisiwani hasa ni uchakavu, na huo hauonekani kwenye glasi. Kahawa iliyokaangwa huanza kupoteza harufu mara moja. Ikiwa punje nzima kwenye mfuko uliozibwa vizuri ina wiki kadhaa za ubora. Ikishasagwa ni suala la siku. Sasa iweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, dukani kunakopigwa jua, katika hewa ya bahari yenye unyevu mwaka mzima. Mtanunua vumbi. Tarehe ya mwisho wa matumizi haisaidii, inaweza kuandikwa mwaka mzima mbele. Ulizeni tarehe ya kukaangwa. Haipo? Mfuko urudi rafuni.

Hapo ndipo zinapoingia kahawa zilizochanganywa viungo kiwandani. Msinielewe vibaya: iliki na tangawizi katika kahawa ni mila ya pwani yote na siigusi. Muuza kahawa wa barazani hutia tangawizi yake kwenye birika na kila mnywaji anajua anachokunywa. Pakiti iliyosagwa pamoja na mdalasini, karafuu na iliki ni jambo jingine. Viungo vikali hivyo vinaweza kufunika buni iliyoungua, iliyoota ukungu au iliyokaa miaka ghalani, na mimi niliyezoea kuonja kwa kazi nikipewa kikombe cha namna hiyo sina cha kusema kuhusu kahawa iliyomo. Nunueni kahawa peke yake na viungo peke yake. Viungo vya Unguja, hivyo ni vya kwao kweli.

Kwa kunywa, anzeni barazani, Jaws Corner pale Mji Mkongwe, jioni. Ni kahawa chungu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, birika likiwa juu ya mkaa, na kashata pembeni. Kahawa hiyo hukaangwa ikaiva sana na kuchemshwa. Msiipime kwa vigezo vya mashine ya espreso. Mkitaka ya mashine, ingieni mgahawa ambao mhudumu anaweza kutaja mkoa wa kahawa yake bila kwenda kuuliza jikoni. Hicho tu kinatosha kuchuja mingi.

Na shamba? Mwezi wa nane mna bahati, kwa sababu ndipo mavuno ya Kilimanjaro yanapoendelea. Punguzeni siku za ufukweni, mpande Moshi. Vijiji vya Uru, kama Materuni, vinapokea wageni: mtachuma tunda jekundu, mtamenya, mtaona kahawa ikianikwa, mtatwanga kwenye kinu na kukaanga kwa kuni. Kikombe cha pale ni cha furaha, si cha kupimia ubora, kwa kuwa kahawa inahitaji siku chache itoe gesi baada ya kukaangwa. Ya kubeba nyumbani tafuteni iliyokaangwa mjini na kuandikwa tarehe.

Na msidhani ni Unguja tu. Popote penye kisiwa, watalii na mfuko wenye jina tamu, mchezo ni huohuo. Hawaii wana kahawa ya Kona, ya kweli kabisa. Inalimwa chini kuliko yetu, lakini Kona iko mbali na ikweta na mchana mteremko hufunikwa na mawingu, hivyo ubaridi haukosekani. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria ya jimbo hilo iliruhusu mfuko wa mchanganyiko kuandikwa jina la Kona ukiwa na asilimia 10 tu ya Kona. Ni sheria ya 2024 ndiyo itakayopandisha kiwango hadi asilimia 51, kuanzia Julai 2027. Mwaka 1996 ilifichuka kwamba mfanyabiashara mmoja wa California alikuwa akiuza kahawa ya Amerika ya Kati kwa jina hilohilo, na wanunuzi wakubwa hawakugutuka.

Bali nako kuna arabika safi ya milima ya Kintamani, iliyopata ulinzi wa kisheria wa jina la asili yake mwaka 2008. Lakini wageni wengi hupelekwa kunywa kahawa iliyopita tumboni mwa fungo, mnyama wa usiku anayekula tunda la kahawa na kutoa punje kwenye kinyesi, kwa bei ya kutisha. Fungo wa mwituni huchagua tunda bivu mwenyewe. Wa kibiashara, wengi wao, hufungiwa kizimbani na kulishwa tunda lolote, kwa hiyo hata ile hoja ya ubora inakufa. Mkifika huko na mkaonyeshwa kizimba kabla ya kuonyeshwa kikombe, geuzeni gari.