Mbwa, mkanda wa jeshi na njia ya mishipa ya fahamu

Maswali ya safari hii yamekuja ya aina mbili: ya kung'atwa na mbwa, na ya malengelenge yasiyoisha. Nimeyaweka pamoja makusudi, kwa sababu virusi vyake vinapita njia moja mwilini.

*Mdogo wangu aling'atwa mguuni na mbwa koko, sasa ni mwezi. Kidonda kimefunga na yeye ni mzima. Si ameshaponea? (Dada mtu, Mwanga, Kigoma)*

Hapana dada, kidonda kufunga hakuna maana yoyote hapa. Kirusi cha kichaa cha mbwa huingia na mate, kikakaa kwanza kwenye nyama ya pale palipong'atwa. Kikishaupata mwisho wa mshipa wa fahamu, hupenya na kuanza kupanda kuelekea uti wa mgongo, kwa makadirio ya milimita 50 hadi 100 kwa siku. Piga hesabu: hata kutoka kwenye kifundo cha mguu, safari yenyewe ni ya wiki chache tu. Lakini kwa kawaida dalili huanza baada ya miezi 2 au 3, mara nyingine wiki moja, mara nyingine mwaka. Inaelekea muda mwingi unaishia pale pale kwenye nyama, kabla kirusi hakijaingia kwenye mshipa. Huo ndio muda mlio nao, na hamjui umebaki kiasi gani. Mpeleke leo. Mwezi kupita si sababu ya kumnyima chanjo. Angekuwa ameng'atwa usoni au kwenye vidole ningekuwa na hofu zaidi, maana huko mishipa ni mingi, na kutoka usoni ubongo uko jirani.

*Huku kwetu mtu aking'atwa anapakwa mafuta ya taa au pilipili kwanza. Inasaidia? (Msomaji, Urambo)*

Inachoma, basi. Kinachosaidia ni sabuni ya kipande na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kutazama saa, si za kukisia. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Mkishaosha, nendeni kituo cha afya. Pigeni simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, msije mkafunga safari bure. Chanjo huchukua kama wiki moja au zaidi kabla mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha, kwa hiyo kidonda kilichochimbika huongezewa sindano ya kingamwili zilizo tayari, pale pale kwenye jeraha. Chanjo ya kutolewa baada ya kung'atwa inawezekana kwa sababu kirusi ni mzito wa kusafiri. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliitumia nafasi hiyo Paris mwaka 1885 kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, na mtoto akapona.

Na wale wazee wanaowatisha watu kwa habari za sindano za tumboni: siku hizi ni za mkononi, siku ya kwanza, ya 3, ya 7, na nyingine zaidi kulingana na ratiba ya kituo. Usiruke hata moja.

*Naweza kupima damu nijue kama ninacho? (Kijana, Kasulu)*

Huwezi. Kikiwa njiani hakitembei kwenye damu, na ndani ya mshipa wa fahamu kinga ya mwili haikioni vizuri. Hakuna kipimo cha kukuambia kabla ya dalili. Dalili zikishaanza, yaani ganzi au muwasho kwenye kovu, homa, kuogopa maji, karibu hakuna anayepona. Usisubiri kipimo, nenda kachanjwe.

*Kila nikiugua malaria natoka malengelenge mdomoni, pale pale. Mama anasema ni homa inatoka. (Msomaji, Ujiji)*

Mama ameona sawa kwamba vinafuatana, ila malengelenge si ya malaria. Ni kirusi cha hepesi, ambacho pengine ulikipata utotoni kwa kubusiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho, kwa hiyo usione aibu. Kimelala kwenye fundo la mishipa ya fahamu karibu na sikio, ndani ya fuvu. Homa, jua kali au kinga kushuka hukiamsha, nacho hushuka kwa mshipa ule ule hadi kwenye mdomo ule ule. Dawa iitwayo asiklovia hufupisha malengelenge, lakini kilicholala haikigusi. Kidonda kikiwa wazi, usimbusu mtoto mchanga.

*Mkanda wa jeshi ukizunguka na kukutana, mtu anakufa? (Bibi, Nzega)*

Shikamoo bibi. Hapana, na kwa kawaida haukutani. Ni kirusi cha tetekuwanga ya utotoni kilichoamka kwenye fundo moja kando ya uti wa mgongo, na mishipa ya fundo hilo hulisha ngozi ya upande mmoja tu, kwa hiyo malengelenge hukomea katikati ya mwili. Hakuna aliyekuloga. Dawa hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Ukitokea karibu na jicho, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kijana akipata mkanda, namshauri apime na VVU. Maumivu yanaweza kubaki miezi baada ya ngozi kupona, na hayo ni ya mshipa wenyewe, si ya ngozi.

*Kama vyote vinapita kwenye mishipa ya fahamu, mbona kimoja kinaua na kingine kinalala tu? (Mwalimu, Tabora mjini)*

Swali zuri kuliko yote. Ndani ya mshipa mna nyuzi nyembamba ambazo seli huzitumia kubebea mizigo yake, na virusi vyote viwili hudandia wabebaji wale wale. Tofauti ni kituo cha kushukia. Hepesi ni abiria anayeshuka Tabora akapanga chumba: hufika kwenye fundo, huweka vinasaba vyake katika kiini cha seli, akanyamaza. Kichaa cha mbwa hapangi popote. Hupita kwenye maungio, kutoka seli hadi seli, mpaka ubongoni, kisha hushuka kwenye tezi za mate ili apate wa kung'atwa mwingine. Mara chache hepesi naye hupitiliza hadi ubongoni, na hapo, bila matibabu, huua wengi.

*Ng'ombe wetu aling'atwa na mbwa, sasa anatoa mate na kulialia. Tumchinje tule? (Mfugaji, Igunga)*

Msimchinje na msimle. Anayechinja hushika mate na ubongo, na mkono wenye mchubuko unatosha. Mwiteni daktari wa mifugo, na aliyemtia mkono mdomoni aje kuchanjwa.