Maswali na Majibu: Mvuvi Msabato na kompyuta inayobadili msimamo

Mantiki tuliyofundishwa chuoni ina kasoro gani hadi watu wa akili unde watafute nyingine? (Nakuru)

Haina kasoro, ila haijui kurudi nyuma. Ikishatoa hitimisho, hata uiongezee habari kiasi gani, hitimisho linabaki palepale. Sisi hatuishi hivyo. Nikiambiwa jamaa ni mvuvi wa Dunga, ufuo wa ziwa hapo Kisumu, naamini anakula mumi (kambare). Nikisikia baadaye kuwa ni Msabato, nasita, maana mumi hana magamba, na Wasabato huepuka samaki wa aina hiyo. Mantiki zisizo monotoniki, yaani zinazoweza kufuta hitimisho habari mpya zikija, zinaruhusu kusita huko.

Reiter na McCarthy, wale watafiti wa mantiki hizi, wanatofautiana wapi? Kila mara wanatajwa pamoja. (Kisumu)

Makala zao zilitoka mwaka 1980 katika toleo moja la jarida la Artificial Intelligence, pamoja na ya watafiti wenzao McDermott na Doyle. Tofauti huonekana kanuni zinapogongana, kwa hiyo tumshike mvuvi wetu.

Reiter ana kanuni mbili: mvuvi hula mumi ikiwa hakuna kinachopinga, Msabato hali mumi ikiwa hakuna kinachopinga. Ukianza na ya kwanza, ya pili inazuilika. Ukianza na ya pili, ya kwanza inazuilika. Unabaki na seti mbili za imani, zote halali. Mwangalifu hushika tu yaliyomo katika zote mbili.

McCarthy huandika sentensi za kawaida, "mvuvi asiye wa ajabu hula mumi", kisha huwapunguza wa ajabu kadiri inavyowezekana. Jamaa yetu lazima awe wa ajabu upande mmoja, ama kama mvuvi ama kama Msabato, basi mantiki inanyamaza kuhusu sahani yake hadi useme kanuni ipi ina uzito zaidi. (Mkewe angetujibu mara moja.)

Mimi niko upande wa Reiter: mgongano unauona waziwazi. Njia ya McCarthy inapendeza kwenye karatasi, lakini kwa jumla inahitaji mantiki ya daraja la pili, inayozungumzia sifa zenyewe na si vitu tu, na hapo kompyuta hutoka jasho.

Na mtafiti mwenzao Moore? (Kakamega)

Yeye, mwaka 1985, aliangalia mtu anavyowaza juu ya ujuzi wake mwenyewe: barabara ya Busia ingefungwa ningesikia, sijasikia, basi iko wazi.

Si tutumie hesabu za uwezekano tu? (Eldoret)

Ukiwa na takwimu, tumia. Lakini "magari hayaingii hapa isipokuwa ambulensi" si asilimia ya chochote.

Nianzie wapi kwenye kompyuta? (Bungoma)

Clingo, programu ya bure ya kuendesha kanuni za namna hii, kutoka Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani. Msingi wake ni kazi ya Gelfond na Lifschitz ya 1988. Andika yafuatayo (ouma ndiye mvuvi wetu, X ni mtu yeyote, ":-" ni "ikiwa", "-" ni kukanusha, "not" ni "hakuna ushahidi kuwa"):

mvuvi(ouma). msabato(ouma).
hula(X) :- mvuvi(X), not -hula(X).
-hula(X) :- msabato(X), not hula(X).

Iombe majibu yote, itakupa mawili. Ukitaka dini ishinde, futa "not hula(X)" pamoja na koma yake katika mstari wa mwisho, litabaki moja.