Mwanangu, kuhusu kusahau kwa babu yako

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu kama kusahau kwa babu yako kunarithiwa. Nilikukwepa kwa sababu mama yako mkubwa alikuwa pembeni. Sasa niko peke yangu. Hebu niambie kwanza: mara ya mwisho umepima presha lini? Presha haiumi, ndiyo maana nauliza.

Unalikumbuka lile shati la shule aliloshona babu yako, lenye mikono yote miwili ya kushoto? Ninyi mlicheka, watoto. Mimi nilicheka mbele ya mteja. Fundi wa miaka arobaini kazini, baba yangu! Akalitazama shati, akanitazama mimi, akaanza kufumua. Mpaka leo nausikia ule mkasi ukikata uzi.

Majina yetu alikuwa nayo yote. Kilichoanza kumpotea ni mpangilio: kipi kikatwe kwanza, kipi kifuate. Nikasema ni uzee. Lakini uzee gani unaoshuka ngazi? Miezi anakaa vilevile, kisha ghafla ameshuka kidato kingine. Daktari alipotuonyesha picha ya kichwa, kulikuwa na vidoa vya viharusi vidogo ambavyo hata yeye mwenyewe hakuvihisi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unakula karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Presha ikivikakamaza vile vishipa vyembamba hadi vikaziba, sehemu vinayoilisha inakufa.

Je, vidonge vya presha vingemwokoa? Kuna utafiti wa Marekani wa 2019, watu zaidi ya 9,000: walioshushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 walipata ule usahaulifu mdogo wa mwanzo kwa nadra zaidi kuliko walioachwa chini ya 140, tofauti ya asilimia 19 hivi. Kwa ule ugonjwa wenyewe mkubwa wa kusahau, tofauti haikuthibitika. Kwa hiyo siwezi kuapa.

Ila vidonge aliviacha, na aliyemwambia "mbona uko mzima, vya nini?" unamjua. Alimtakia mema. Simlaumu. Ningekuwa na moyo wa kulaumu, ningeanza na... basi, nimenyamaza. Hata mimi nilikuwa nyumba ileile, sikuwahi kuhesabu vidonge.

Kurithi? Presha hutembea kwenye ukoo, na wewe una miaka arobaini na chumvi unaongeza mezani kabla hujaonja. Presha haiumi, mwanangu. Jumamosi kapime, uniandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Usiniandikie "iko sawa tu."

Mama