Mume wangu alisinzia kwenye usukani, na sijawahi kumwambia

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 9 ya ndoa na watoto watatu: wa miaka 8, wa miaka 5 na wa miezi 10. Kila likizo ya mwisho wa mwaka ukoo wa mume wangu hukutana kwa baba yao mkubwa, safari ya saa 13 kwa gari. Mume wangu ndiye kifunguamimba. Ijumaa hutoka kazini jioni, anaoga, tunaondoka saa tatu usiku ili tufike Jumamosi saa nne asubuhi, kabla ya wageni wengine. Mama mkwe husafiri nasi.

Mwaka jana, karibu na alfajiri, nilizinduka nikakuta gari linakwenda upande na yeye amefumba macho. Nilimgusa bega, akashtuka, akasema alikuwa anawaza tu. Wengine wote walikuwa wamelala. Sikusema neno, na mpaka leo sijasema.

Zimebaki wiki tatu na amepanga vilevile. Nikimwambia tuondoke mchana anasema nataka kumchelewesha. Mawifi zangu nao wanasema namvuta kaka yao mbali na kwao. Nafikiria nijifanye mgonjwa, nibaki nyumbani na mtoto mdogo. Nitakuwa nimekosea?

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama palepale: ulimgusa bega, kisha ukanyamaza. Nadhani nawe ndipo ulipokwama, mwaka mzima sasa. Mengine uliyoniandikia, ya mawifi na ya kuchelewa, yanatoka hapo.

Huo ugonjwa wa kusingizia, usiuthubutu. Sikukatazi kwa sababu ya uongo peke yake. Fikiria gari likiondoka bila wewe. Ndani yake wamo watoto wako wawili na mama mkwe wako, usiku uleule, dereva yuleyule, na yule aliyemgusa bega hayumo. Wewe utakuwa nyumbani umeshika simu mpaka kunapokucha. Hutapata usingizi, na wao hawatakuwa salama zaidi.

Sasa tuhesabu saa za mumeo. Tuseme Ijumaa ameamka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu usiku anapowasha gari, ana saa 15 hajalala. Ikifika saa tano usiku, mmetembea saa mbili tu na ametimiza saa 17 yuko macho. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kupima watu waliokesha namna hiyo. Baada ya saa 17, wepesi wa akili na mikono yao ulikuwa umeshuka sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mpaka wa kisheria kwa dereva. Walipofikia saa 24 walikuwa sawa na mtu mwenye karibu mara mbili ya hapo. Mumeo hufikia saa 24 alfajiri, na bado ana saa nne barabarani. Mumeo hanywi, sijasema anakunywa. Nasema ukimwona mtu amelewa kiasi hicho usingempa ufunguo wa gari lenye watoto wako.

Na saa uliyomkuta amefumba macho si ya bahati mbaya. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu unataka kulala, hata wa shujaa. Usingizi huo huja wa sekunde chache, na aliyeupata mara nyingi hajui kwamba alilala. Kwa hiyo mumeo aliposema alikuwa anawaza, huenda hakukudanganya. Gari la mwendo wa kilomita 100 kwa saa hupita mita 28 hivi kila sekunde. Sekunde tatu za macho kufumba ni mita zaidi ya 80 bila dereva. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havimtoi mtu usingizi. Kahawa humsaidia kidogo, baada ya nusu saa hivi, na kusimama pembeni mahali salama akalala dakika 20 humsaidia zaidi. Hayo ni ya kumfikisha mahali pa kupumzika, hayawezi kumvusha saa nne nyingine.

Lakini haya yote ukimmwagia mumeo kama nilivyokumwagia mimi, atajitetea. Mwangalie kwanza. Huyu ni mtoto wa kwanza wa mama yake. Anataka wazee wakifika wamkute mlangoni, awapokee mizigo, aulizwe na yeye ndiye anayejibu. Hapimi safari kwa saa wala kwa kilomita, anaipima kwa nani alitangulia kufika. Ukimwambia "tuondoke mchana" anasikia "ukubwa wako hauna maana." Ndiyo maana mnagombania muda na hamfiki popote.

Mwambie ulichokiona. Chagua siku ambayo amelala vizuri, mama mkwe na watoto hawapo, na wala msiwe ndani ya gari. Usianze na mwaka huu, anza na ule usiku. Sema kwa maneno yako, lakini yasiwe mbali na haya: "Baba Fulani, kuna jambo nimelibeba tangu mwaka jana. Alfajiri ile ulisema unawaza. Macho yako yalikuwa yamefumba na gari lilikuwa linatoka barabarani. Niliogopa, nikashindwa kusema. Nakuomba mwaka huu tusiende usiku." Kisha nyamaza umwache. Akikasirika mwache akasirike, kwa sababu aibu ya mwanamume aliyekaribia kuumiza watoto wake mara nyingi hutoka ikiwa imevaa hasira. Usirudie mara tatu. Mpe siku mbili.

Akitulia, uwe na mpango mkononi. Ijumaa alale. Jumamosi mwondoke saa kumi na mbili asubuhi, mwende saa saba za barabara, mkisimama angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Mlale njiani, Jumapili mmalizie. Mahali pa kulala patafuteni leo, kwa maana msimu wa likizo vyumba hujaa mapema. Kuhusu ukubwa wake, ampigie simu mdogo wake anayemwamini, amkabidhi kazi ya kupokea wazee Jumamosi, na baba mkubwa aambiwe mapema na mumeo mwenyewe, si na wewe. Habari ya kuchelewa ikitangulia wiki tatu inaitwa ratiba, ikifika asubuhi ya siku yenyewe inaitwa dharau. Sisi tulipokuwa tunasafiri na watoto wadogo, mwaka wa kwanza tulipolala njiani baba mkwe alinuna mpaka jioni. Mwaka uliofuata alitupigia mwenyewe kuuliza tutalala wapi.

Hukuniambia kama una leseni. Kama unayo, hizi wiki tatu shika usukani kila siku ya mapumziko, yeye akae pembeni, mpaka azoee kukaa pembeni. Ukimwendeshea kwa muda wa saa mbili asubuhi, kukiwa kweupe, utampumzisha kuliko unavyofikiri.

Kuna jambo hukuliuliza lakini nimelihisi, kwa kuwa bibi yumo garini na mtoto ana miezi 10. Mtoto huyo atalia kwenye kiti chake na bibi atasema, "Mleteni nimpakate." Hapo usilegee. Gari likigonga likiwa kwenye kilomita 50 tu kwa saa, mtoto wa kilo 9 anakuwa mzigo wa zaidi ya kilo 100 kwa kufumba na kufumbua, na hakuna mikono ya bibi wala ya mama inayoweza kumzuia. Akae kwenye kiti chake cha mtoto, nyuma, ageuzie uso nyuma ya gari. Kiti hicho kisiwekwe mbele penye ule mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga, kwa kuwa mfuko huo humpiga kwa nguvu ya kuua. Akilia sana, simameni, mtoeni, mnyonyesheni, bibi ampakate mpaka mikono ichoke, mwondoke tena. Mwambie bibi haya kabla ya safari na umpe kazi yake, akae kando ya mtoto, awe ndiye mwenye maji, vitambaa na hadithi. Bibi mwenye kazi hagombani. Naye afunge mkanda hukohuko nyuma. Wazee wengi huuona mkanda ni wa waliokaa mbele, na asiyefunga nyuma hurushwa juu ya aliye mbele yake.

Huyo wa miaka 5 akianza kusema tumbo linamzunguka, mnyang'anye simu na aangalie nje, mbali, mbele. Umri wake ndio wa kichefuchefu cha gari.

Mawifi waache waseme. Wanataka kumwona kaka yao, na hilo si kosa. Wapigie wewe mwenyewe wiki hii, uwaulize mje na nini na watoto walale wapi. Usiwaeleze kuhusu ule usiku. Hiyo ni siri ya mumeo mpaka atakapoamua mwenyewe kuisema.

Na akikataa kabisa? Akisema ni Ijumaa saa tatu usiku au hakuna safari? Hapo, mwanangu, wewe na watoto hampandi gari hilo usiku. Mnakwenda, ila mchana, kwa basi au kwa gari la ndugu mwingine anayesafiri kukiwa na mwanga. Mama mkwe naye mwambie umemwekea nafasi, achague. Mwombe mumeo angalau asiende peke yake, apate wa kupokezana naye. Na umwambie sasa, wiki tatu kabla, kwa sauti ya kawaida, tiketi zikiwa tayari mkononi, badala ya kungoja mpaka usimame mlangoni Ijumaa usiku, mabegi yakiwa ndani ya buti na watoto wanawasikiliza.