Anza na sentensi, jedwali litafuata

Lugha yangu ya kwanza ya kubuni ilikuwa na majedwali tu: hali 11 za nomino (maumbo yanayoonyesha kazi ya nomino kwenye sentensi), njeo tatu, kila kitu kimenyooka. Sentensi haikuwa nayo hata moja. Nililijua hilo siku nilipotaka kusema jambo jepesi kabisa: "Mtoto amelala."

Amelala niitie njeo gani? Iliyopita, iliyopo, ijayo? Usingizi umeshaanza na bado haujaisha. Kiswahili kina -me- ya kazi hiyo, ndiyo maana amelala, amesimama, amevaa na amechoka hueleza mtu alivyo sasa hivi, ingawa tendo lenyewe limeshapita. Nimeitumia -me- maisha yangu yote bila kuiwaza. Majedwali yangu nayo hayakuniuliza lolote kuihusu.

Siku hizi ninapoanza lugha nina sentensi kama 40 za kuipimia. Nyingi ni nyepesi, zinapita. Zinazonitoa jasho ni kama hizi mbili: "mtu aliyeniona" na "mtu niliyemwona". Kiswahili hutofautisha kwa viambishi vilivyomo ndani ya kitenzi. Kitenzi changu hakibebi viambishi hivyo, kwa hiyo zote mbili zilitoka "mtu ona mimi". Nilihangaika wiki mbili, kisha nikaweka kijineno "le" kikae pale nomino ilipong'olewa: "mtu le ona mimi" ndiye aliyeniona, "mtu mimi ona le" ndiye niliyemwona. Kanuni ikajiandika yenyewe, na mfano wake ulikuwepo tayari.

Zamenhof alipoitoa Esperanto, lugha yake ya kubuni, mwaka 1887, sarufi yake ilikuwa kanuni 16 tu. Kanuni 16 hazitoshi kumfundisha mtu lugha. Kitabu cha msingi cha mwaka 1905 kina sarufi hiyo, kamusi, na pia mkusanyo wa mazoezi, yaani sentensi za mfano, na vyote vitatu vina uzito wa sheria. Mimi naona mazoezi ndiyo yaliyobeba mambo ambayo kanuni hazikuyataja.

Sasa kuhusu kumbukumbu, maana hapa ndipo nilipoumia zaidi. Neno langu la "mtu" ni tolu, na wingi ni -ir. Irabu mbili zikikutana inakuwaje? Kwenye daftari la kwanza niliandika tolir. Miezi sita baadaye, kwenye faili jingine, nikaandika toluyir. Nilipokuja kuyaona yote mawili sikukumbuka lipi lilikuwa uamuzi na lipi kosa la uchovu, na maneno zaidi ya 200 yalikuwa yameshafuata njia hizo mbili. Nilichagua toluyir, kwa sababu tolir ingeweza pia kuwa wingi wa "toli". Safari hii niliandika sababu na tarehe. Kanuni uliyoifuta usiitupe. Ihamishie mwisho wa faili pamoja na kilichokufanya uiache, la sivyo mwakani utaibuni upya na kujipongeza.

(Kama lugha yako ina ngeli zenye viambishi awali vya umoja na wingi, na kitenzi kinachopatana na kila ngeli, jiulize kidogo kama unabuni au unakumbuka. Si dhambi, lakini ujue.)

Kila mfano nauandika kwa mistari minne: sentensi yenyewe, vipande vyake, jina la kila kipande, kisha maana.

Toluyir samak.
toluy-ir sama-k
mtu-WINGI lala-HALI
"Watu wamelala."

Mstari wa tatu unachosha kuuandika, na ndio unaokukamata. Hiyo -k, inayofanya kazi ya -me-, nilikuwa nimeshaitumia kwa ukanushi kwenye sentensi ya saba, na nisingeiona kamwe kama nisingelazimika kuipa jina.