Tone linaruka au linadunda?

Swali: Ninawatafsiria wanafunzi wa sekondari makala ya fizikia kuhusu matone ya mafuta yanayokwenda yenyewe juu ya sahani inayotikiswa. Nimeandika: "Tone linaruka juu ya mafuta, linatembea na wimbi lake na kuiga chembe za kwanta" (yaani chembe ndogo mno, kama elektroni). Mwenzangu anasema sentensi nzima ina kasoro. Pia, lile wimbi linaloliongoza tone niliite wimbi rubani au wimbi la rubani?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi kwa mambo mawili na nusu.

Tuanze na ruka. Kinachoruka hutumia nguvu zake: panzi anaruka, mtoto anaruka kamba. Mpira ukipigwa sakafuni hudunda, yaani hugonga, hurudishwa juu, hugonga tena. Hilo ndilo linalotokea kwenye sahani. Humo mna mafuta ya silikoni yenye mnato wa kama mara 20 wa maji, kina cha milimita chache, na sahani hutikiswa juu na chini mara 80 kwa sekunde. Ukichovya ncha ya sindano na kuichomoa haraka, uzi wa mafuta hukatika na kuacha tone lenye kipenyo kisichofika milimita 1. Tone halimezwi, kwa sababu chini yake pamebanwa utando mwembamba wa hewa, na kabla hewa hiyo haijapata muda wa kutoka, tone limekwisha kurushwa juu tena. Kwa hiyo usije ukaandika kwamba tone "linagusa" mafuta. Likiyagusa tu, jaribio limekwisha. Vumbi kidogo juu ya mafuta laweza kuutoboa utando huo, na ndiyo maana sahani hufunikwa kwa kifuniko kinachopitisha mwanga. Kifuniko huzuia pia upepo, ambao humpeleka mtazamaji kudhani tone linakwenda lenyewe kumbe linapeperushwa. (Neno tone lenyewe limetoka kwenye tona, kudondoka. Hili letu limekataa kudondoka.)

Tembea ni kitenzi sahihi, ila si tangu mwanzo. Mtikiso ukiwa mdogo, tone hudunda palepale. Uongeze polepole mpaka tone lidunde mara 40 kwa sekunde, yaani mdundo mmoja kwa kila mitikiso miwili. Hapo huangukia kwenye mteremko wa wimbi lililoachwa na midundo iliyotangulia, hupigwa kumbo kando, na huanza safari ya takriban sentimita 1 kwa sekunde. Kabla ya hapo andika linadunda. Baada ya hapo, linatembea. Ukizidi kuongeza hadi mchapuko wa sahani upite mara 4 na kidogo ya ule wa kitu kinachoanguka, uso wote huchafuka kwa mawimbi ya Faraday hata pasipo tone, na njia ya tone haisomeki tena. Mpaka huo wapo wanaouita kizingiti cha Faraday. Si kosa, lakini kwa msomaji wa magazeti kizingiti ni kikwazo. Mpaka wa Faraday unatosha.

Hata likitembea, tone halina uhai: linatembea, kamwe si anatembea.

Nusu ya kosa iko kwenye "linatembea na wimbi lake". Unajua vizuri maana ya kutembea na mtu. Darasa la kidato cha tatu litacheka kabla hujafika kwenye nukta. Andika likisukumwa na wimbi lake.

Sasa kuiga, na hapa kosa ni la fizikia pia. Anayeiga amemwona mwingine, akakusudia kufanya kama yeye. Tone halijaona chembe yoyote. Mtafiti aweza kuiga, tone haliwezi; tone linafanana au linashabihi. Na kufanana kwenyewe kuna mipaka. Yves Couder na Emmanuel Fort, waliofanya majaribio haya Paris, walieleza mwaka 2006 kwamba matone yaliyopitishwa kwenye matundu mawili yalitawanyika kwa mistari kama ya chembe za kwanta. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark, akiwemo Tomas Bohr, mjukuu wa Niels Bohr, mmoja wa waasisi wa fizikia ya kwanta, walirudia jaribio hilo na mistari ile hawakuiona. Yaliyosimama imara zaidi ni mengine, kwa mfano tone kwenye sahani inayozungushwa kushika mizingo ya vipimo maalumu tu. Ukiandika "yanaiga kwanta" umeahidi yote. Ukiandika "baadhi ya mienendo yake inafanana" umesema kilichopimwa.

Kuhusu wimbi: "wimbi la rubani" linampa rubani umiliki, kama mkoba wa rubani. Wimbi rubani limekaa kama askari kanzu, na lina uzuri wake, kwani rubani wa zamani ni yule aliyeongoza chombo kupita kwenye miamba, kabla ya ndege. Ndiyo picha inayofaa wazo alilolitoa mwanafizikia Mfaransa Louis de Broglie mwaka 1927, kwamba chembe huongozwa na wimbi. Lakini mwanafunzi wa leo atawaza ndege. Maswali elekezi anayajua, basi mpe wimbi elekezi.

Sentensi yako iwe hivi: "Tone linadunda juu ya mafuta, kisha linatembea likisukumwa na wimbi lake elekezi, na baadhi ya mienendo yake inafanana na ya chembe za kwanta."